Darasa likijaa, nani anamtazama mtoto wako?



Wiki hii safu yetu ya afya inaingia shuleni. Pengine utauliza, wingi wa wanafunzi darasani unamhusu nini tabibu? Nisikilize kwanza.

Mama mmoja wa hapa Bagamoyo alimleta kwangu mwanawe wa darasa la tatu akiwa na homa. Nilipomwinamia kumpima nikasikia harufu. Masikio yote mawili yalikuwa yanatoa usaha. Nikauliza tangu lini. Mama akajibu, "Tangu ana miaka mitano, yanakuja yanaondoka." Nikasimama nyuma ya mtoto nikamwita jina lake kwa sauti ya chini. Hakugeuka. Mama akaniambia kuwa shuleni wanasema ni mzito wa kuelewa. Alikuwa anakaa nyuma kabisa, katika darasa la watoto 130.

Usiharakishe kumlaumu mwalimu. Kiwango kilichowekwa na serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Chukua kipindi cha dakika 40 ukigawe kwa watoto 130: kila mtoto hapati hata sekunde 20. Kwa muda huo mwalimu atajuaje kuwa huyu hasikii na yule haoni ubaoni?

Hali hii ina historia yake. Mwaka 2001 shule zetu za msingi nchini zilikuwa na wanafunzi kiasi cha milioni 4.9. Ada ikafutwa, MMEM ikaanza mwaka 2002, na kufikia 2005 walikuwa wamezidi milioni 7.5. Mwaka 2016 serikali ikaondoa ada na michango ya lazima, vyumba vikafurika tena. Hii ni kheri, wala tusiisahau: watoto wengi wa wavuvi na wakulima wa pwani hii wasingeliona darasa. Lakini walimu, vyumba na vyoo havikuongezeka kwa kasi ile. Huku kwetu kuna jambo jingine pia. Watu wanatoka Dar es Salaam kununua viwanja Mapinga na Kerege, na nyumba hujengwa haraka kuliko shule.

Tuliosoma chuoni tunakumbuka kuwa kila mtoto alikwenda na juzuu yake mbele ya mwalimu, wakakaa uso kwa uso. Mwalimu akikusikiliza aliona macho yako na upele wa mikono yako. (Siku hizi hata madrasa zimejaa, na watoto wanabadilishana kofia na kupeana mapunye. Hilo ni letu wenyewe, tusimsingizie mtu.)

Msongamano huambukiza pia. Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu, na ndio mwezi ambao shule hufunguliwa. Dawati la watoto wawili likikaliwa na watano, mmoja akifikicha jicho na kushika meza, wenzake hawana pa kukwepea. Kifua kikuu nacho hupenda chumba kilichojaa na madirisha yaliyofungwa. Na vyoo je? Kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 500 na wavulana 500 inahitaji matundu 45. Nenda kayahesabu ya shule yenu, kisha yapeleke kwenye kikao cha wazazi.

Wakati tunasubiri walimu, kazi ya kumtazama mtoto inarudi nyumbani. Jioni moja mfunike jicho moja, asome maandishi ya kalenda ukutani akiwa mbali kidogo, kisha jicho la pili. Simama nyuma yake umnong'oneze neno alirudie. Akishindwa, mpeleke kituo cha afya, na umwombe mwalimu amkalishe mbele.

Sikio linalotoa usaha usilitie mafuta ya nazi wala maziwa ya mama. Sokota kitambaa safi cha pamba, ukiweke taratibu kinyonye usaha, ukitoe, urudie kwa kingine mpaka sikio likauke. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na dawa ya matone upewe na mtaalamu. Na kupiga mbizi baharini asimame kwanza, hata akilia.

Yule mtoto alitibiwa kwa wiki kadhaa, masikio yakakauka. Usikivu haukurudi wote, lakini mwalimu alimhamishia dawati la mbele. Mama yake alipita juzi na mtoto mdogo. Nikamuuliza habari za kaka mtu, akacheka: siku hizi analalamika redio ya jirani inampigia kelele.