Njia ya Machela: Kanuni za Mtaa na Uhai wa Jirani

Hivi karibuni nilialikwa Pongwe, kata iliyo magharibi ya Jiji la Tanga kando ya barabara iendayo Segera, nizungumze na wakazi wa mtaa mmoja kuhusu huduma ya kwanza. Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, na ajenda yangu ilikuwa ya nne. Ya tatu ilihusu mpaka. Majirani wawili, kila mmoja akiwa na karatasi zake mkononi, walikuwa wamesogeza kuta zao hadi njia iliyokuwa kati yao ikabaki ya kupita pikipiki tu. Mabishano yalichukua zaidi ya saa moja. Mwenyekiti wa mtaa aliponipa nafasi aliniomba radhi: “Utuwie radhi, daktari, mambo ya viwanja yamekula muda wako.” Nilimjibu kuwa hayakula muda wangu hata kidogo. Yalikuwa ndiyo mada yangu.

Sisi tunaofanya kazi katika idara za dharura huona mwisho wa safari ya mgonjwa. Tunaandika saa aliyofika na hali aliyofika nayo. Hatuandiki kwamba geti la jirani lilikuwa na kufuli, kwamba dereva alizunguka nusu saa akitafuta nyumba, wala kwamba mgonjwa alibebwa mgongoni kwa sababu gari halikuweza kuingia. Hayo hubaki mtaani. Makala haya yanadai jambo moja: kanuni ambazo wenye nyumba hukubaliana juu ya njia, kuta, mageti na mashimo ni sehemu ya matibabu, na mhudumu wa afya ana haki na wajibu wa kuzisemea.

Ucheleweshaji huanzia mlangoni

Nilipomaliza maneno hayo, bibi mmoja alisimama. “Mwanangu daktari,” alisema, “mkwe wangu alijifungua usiku nyumbani, damu ikawa haikatiki. Tulimtoa kwa kiti cha plastiki, vijana wanne, kwa njia hiyo hiyo mnayoigombania. Kwenye kona kiti hakikupita. Ikabidi tumteremshe, tumpitishe mikononi.” Mkwe wake yu hai, na mtoto ni mzima. Lakini uso wa bibi yule ulionyesha kwamba hajaisahau kona ile.

Wakunga na wauguzi wanaujua mfumo wa “ucheleweshaji wa aina tatu” uliotolewa na Thaddeus na Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Uchochoro uliozibwa huhesabiwa katika ucheleweshaji wa pili. Mimi naamini unazaa pia ule wa kwanza. Familia inayojua taabu ya kumtoa mgonjwa usiku husema “tungoje kupambazuke,” na kungoja huko hugeuka kuwa uamuzi. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya takriban saa mbili. Hana muda wa kungoja mapambazuko.

Hesabu ya njia yenyewe si ngumu. Machela ina urefu unaokaribia mita 2, na wabebaji wake wanahitaji nafasi ya kusimama mbele na nyuma, hivyo haikati kona ya uchochoro wenye upana wa mita moja. Gari la wagonjwa lina upana unaokaribia mita 2. Gari la zimamoto hufikia mita 2.5, na askari wake wanahitaji nafasi ya kufungua milango na kuvuta mipira ya maji. Mkazi anayesogeza ukuta wake kwa hatua moja hapati ardhi ya maana, ila anaweza kuligeuza eneo zima la nyuma kuwa mahali pasipofikika.

Hati ina haki, na ina masharti

Wengi hudhani kwamba mwenye hati anaweza kufanya atakalo ndani ya mipaka yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 haisemi hivyo. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwananchi hupewa haki ya kuimiliki kwa muda usiozidi miaka 99, pamoja na masharti ya matumizi na ya ujenzi. Sheria hiyo hiyo inatambua haki za njia. Kwa hiyo anayedai njia ya machela haombi hisani ya jirani. Anakumbusha sharti lililokuwapo tangu awali.

Hata hivyo, mtaa ujue mipaka ya nguvu zake. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo kupitia halmashauri yake. Mtaa wa mjini hauwezi. Mjini mamlaka hayo ni ya Halmashauri ya Jiji, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982. Mkutano wa wakazi ukijitungia faini na kuanza kuwatoza watu, utakuwa umevuka mamlaka yake. Unachoweza kufanya ni kufikia makubaliano, kuyaandika katika muhtasari, kuyasaini, kisha kumkabidhi diwani na mtendaji ili yafike halmashauri. Mgogoro wa mpaka ukishindikana, Baraza la Kata lipo kwa ajili ya kusuluhisha.

Upo pia wakati ambapo jambo hili huwa rahisi zaidi: kabla ya bikoni kuwekwa. Katika zoezi la urasimishaji wa makazi, wakazi hukaa na wapimaji, hukubaliana mipaka na hutoa sehemu za maeneo yao kwa ajili ya barabara. Pembezoni mwa miji yetu, ambako nyumba hujengwa haraka kuliko ramani, hiyo ndiyo siku ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii kuhudhuria na kuuliza swali moja: “Mgonjwa wa nyumba ya mwisho atatokea wapi?” Baada ya ukuta wa tofali kusimama, swali hilo hilo huwa ghali mno.

Nyumba isiyojulikana haifikiki

Watu wa Tanga wana mfano mzuri karibu nao. Ngamiani ina barabara zilizonyooka na kupewa namba. Ukimwambia dereva “barabara ya kumi na mbili,” amekwisha kukuelewa. Katika mitaa mipya maelekezo huwa ya namna nyingine: “Ukifika kwenye mwembe uliokatwa, uliza kwa Mama Fulani.” Saa nane za usiku hakuna wa kuulizwa, na mwembe hauonekani.

Mwaka 2022 nchi yetu ilifanya operesheni ya anwani za makazi, ambapo barabara zilipewa majina na nyumba zikapewa namba. Kibao kile cha mlangoni si pambo. Kila mtu mzima wa nyumba aijue namba ya nyumba na jina la barabara, na namba hiyo ionekane kutoka njiani. Zaidi ya hapo, kila nyumba ibandike ukutani namba tatu: 112 ya polisi, 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 115 ya mfumo wa M-mama unaowasafirisha bila malipo wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura. M-mama hutumia pia madereva wa jamii pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu. Anayepiga simu huulizwa mgonjwa yuko wapi, na jibu lake ndilo litakaloamua dereva ataelekea wapi.

Grili humzuia mwizi, na humzuia mwenye nyumba

Kuna kanuni nyingine ambayo wenye nyumba hujiwekea wenyewe bila mkutano: kila dirisha liwe na grili. Hofu ya wizi ni ya kweli, nami siidharau. Lakini Machi 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli huko Machakos nchini Kenya, moto uliowashwa bwenini usiku uliua wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa Kenya mwaka 2008 ulitaka madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma na yafunguke kuelekea nje. Nyumba zetu hazina mwongozo kama huo, ingawa watoto wetu hulala nyuma ya vyuma vile vile.

Katika moto wa nyumba, moshi huua wengi kabla ya miali kuwafikia. Muda wa kutafuta ufunguo gizani haupo. Suluhisho halihitaji kung’oa grili zote. Fundi aweke bawaba kwenye grili moja ya kila chumba cha kulala, ifunguke kwa ndani. Ufunguo wake uning’inie mahali pamoja panapojulikana na kila mtu, mbali na mkono wa aliye nje. Watoto wafundishwe kutambaa chini ya moshi, na familia ichague mti au kona ya kukutania nje ili ijulikane nani hajatoka.

Mtungi wa gesi ukivuja, kumbuka kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Funga valvu, fungua milango na madirisha, na usiwashe wala kuzima taa. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata msimu wa baridi. Wahudumu wenzangu, familia nzima ikija asubuhi na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, ulizeni kuhusu jiko kabla ya kufikiria malaria peke yake. Tena msitulizwe na kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kwa kuwa sumu ya moshi wa mkaa inaweza kukifanya kisome vizuri ilhali mgonjwa yumo hatarini.

Hatari za ardhi yenyewe

Pongwe imekaa juu ya mawe ya chokaa, na mawe hayo yamevuta viwanda na machimbo. Ni riziki ya wengi. Lakini shimo lililoachwa wazi hujaa maji ya masika na kuwa bwawa lisilo na ukingo, ambamo mtoto anaweza kuzama kimyakimya, bila kupiga kelele. Vivyo hivyo kwa shimo la choo lisilo na mfuniko na kisima kisichojengewa. Mwenye eneo na alizungushie uzio au alifukie.

Chokaa yenyewe, kama haijazimwa, hutoa joto kali ikikutana na maji, na huunguza ngozi na jicho. Saruji mbichi nayo huunguza, ila taratibu, hivyo fundi hugundua jioni. Chokaa kavu ikimwagikia ngozi, ifute kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha osha kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, usingoje kitu: fumbua kope na mimina maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 30, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usitie maziwa, asali wala dawa ya mtu mwingine.

Kwa aliyeungua moto, uji au chai, pooza kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Bado inafaa ndani ya saa tatu tangu kuungua. Vua pete na bangili mapema, funika kwa kitambaa safi, na usipake dawa ya meno, yai wala mafuta.

Mambo matano kwa mkutano mmoja

Mtaa ukitaka kuanza, haya hayahitaji fedha nyingi:

1. Kutembea njia zote za mtaa na machela tupu, au ngazi yenye urefu wa mita 2, na kuandika kila mahali inapokwama.
2. Kukubaliana kwa maandishi upana wa njia ambao hakuna atakayejenga, kupanda wala kuegesha ndani yake.
3. Kuteua washika funguo wawili kwa kila geti la pamoja, ili kufuli lisimngoje mtu aliyesafiri.
4. Kuorodhesha majirani wenye magari au bajaji walio tayari kuamshwa usiku, pamoja na nyumba zenye wajawazito, wazee na wagonjwa wasioweza kutembea. Orodha hii na itunzwe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa kuwa hali ya afya ya mtu ni siri yake.
5. Kukagua mashimo yaliyo wazi kila mwaka kabla ya masika, na kumpa mwenye eneo tarehe ya kuyafunika.

Siku ile Pongwe tulilifanya la kwanza papo hapo. Hatukuwa na machela, ila fundi mmoja alileta ngazi yake. Vijana wawili waliibeba kutoka nyumba ya bibi yule kuelekea barabara ya lami, nasi tukawafuata. Kwenye kona ya kuta zile mbili ngazi ilikwama. Waliijaribu kulia, wakaijaribu kushoto, kisha wakaiinua juu ya vichwa vyao. Mmoja wa wenye kuta aliitazama kwa muda, akasema kona yake ataivunja na kuirudisha nyuma. Mwenzake aliomba apewe muda azungumze na ndugu zake, kwa sababu kiwanja ni cha urithi. Mwenyekiti aliandika majibu yote mawili katika muhtasari, akaweka tarehe ya mkutano unaofuata, na ngazi ikaachwa kwa bibi.