Gari la Vita Lililogeuka Basi la Watalii

Ndugu askari, gari la DUKW, liendalo nchi kavu na majini, lilizaliwa vitani. DUKW lilianza kuundwa Marekani mwaka 1942. Mwaka 1944 lilishusha shehena ufukweni Normandy, Ufaransa. Vita vilipokwisha, raia waliligeuza basi la watalii, wakalitia na paa.

Paa hilo likawa mtego. Mwaka 1999 gari moja lilizama katika Ziwa Hamilton, Arkansas. Watu 13 walikufa. Wachunguzi walishauri mapaa yaondolewe. Ushauri haukufuatwa kote: mwaka 2018 gari jingine lenye paa lilizama katika dhoruba karibu na Branson, Missouri, wakafa 17.

Husemwa ajali haina kinga. Hii ilikuwa nayo. Nasi tulindao raia, tangu Kivu hadi Muhazi, tukumbuke: onyo lisilotekelezwa halimwokoi mtu.