KIVINJARI KIPYA: TUMEKIPIMA, TUMEONA NINI?



Tangu muhula uanze kuna swali moja linazunguka katika madarasa na kiwanjani: "Mumekwisha kuweka ile programu mpya ya kuingilia kwenye intaneti?" Wengine wanaisifu kwamba inakula mega kidogo. Wengine wanasema ni kelele tu. Sisi wa mwaka wa mwisho tuliona si vizuri kubishana bila kupima. Tuliichukua, tukaitumia siku tatu, na haya ndiyo tunawaletea. Jina lake hatulitaji, maana gazeti letu si duka.

1. Kivinjari ni kitu gani?

Programu ya namna hii inaitwa kivinjari. Kwetu wengi wanasema navigatere. Tusichanganye vitu vitatu. Intaneti ni barabara. Google ni mtu wa kuuliza njia. Kivinjari ni mjumbe: unampa anwani, anakwenda mpaka kwenye ordinatere inayotunza ukurasa, anauleta na kuupanga mbele ya macho yako. Barabara ikifungwa, mjumbe hata akiwa hodari hafiki. Tarehe 31/12/2018, siku moja nyuma ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi yetu karibu wiki tatu. Hakuna kivinjari kilichosaidia mtu.

Kivinjari cha kwanza kilitengenezwa na Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka 1990, kule CERN, karibu na Geneva. Mwaka 1993 kilitoka Mosaic, kilichoonyesha picha pamoja na maandishi, na watu wengi wakaanza kupenda. Kisha Internet Explorer (1995), Firefox (2004), Chrome (2008). Vingine vinazaliwa, vingine vinakufa: Microsoft iliacha kutunza Internet Explorer mwezi wa 6 mwaka 2022. Kwa hiyo neno "kipya" peke yake si sifa.

2. Mega zinapunguaje?

Tufikiri juu ya mizigo inayotoka Uganda. Mfanyabiashara wa Butembo anaweza kuleta maboksi yake yote namna yalivyo, na kulipa gari zima. Ao anaweza kuwa na mtu wake Kasindi, anayefungua maboksi, anatupa makaratasi, anafunga vitu vizuri ndani ya mifuko michache. Njia ni ile ile, lakini gharama inashuka.

Vivinjari vya kupunguza mega vinafanya hivyo. Ukurasa unapita kwanza kwenye ordinatere kubwa za kampani, unakamuliwa, ndipo unaletwa kwenye telefone. Opera Mini kimejulikana sana kwa kazi hiyo. Hiki kipya nacho kinafuata njia hiyo.

3. Tulivyokipima

Tulichukua telefone mbili za namna moja, mtandao mmoja, saa moja. Moja ilikuwa na kivinjari cha zamani, nyingine kipya. Tuliandika mega zilizobaki, tukafungua kurasa zile zile, tukaandika tena.

Kwa kurasa za kusoma tu, kipya kilishinda, tusidanganyane. Kilifungua upesi, na mega zilizotumika zilikuwa kidogo. Lakini picha zilikuwa na ukungu. Mchoro mmoja wa biolojia hatukuweza kusoma majina yake.

Siku ya tatu ndipo tuliona jambo kubwa. Mwenzetu mmoja alikuwa anajaza fomu ya kuomba nafasi ya masomo ya juu, na mwisho wa kuipokea ulikuwa kesho yake. Alijaza yote kwa kivinjari kipya, akafika chini, akafurahi, akataka kufunga. Tukamwuliza: "Jibu la kwamba wameipokea liko wapi?" Halikuwapo. Kumbe kifungo cha kutuma hakikuonekana kabisa! Programu ilikikata pamoja na "makaratasi". Alianza tena kwa kivinjari cha zamani, na jibu likaja. Kama tungenyamaza, angengojea bure mwaka mzima.

4. Mambo ya kuangalia

(a) Yule mtu wa Kasindi anayefungua maboksi anaona pia kilichomo ndani. Kwa hiyo neno la siri, mambo ya feza na barua zako, usipitishe kwenye njia ya kukamua. Zima kwanza ile namna ya kupunguza mega.

(b) Alama ya kufuli inaonyesha kwamba njia imefungwa kwa watu wa kando. Haionyeshi kwamba mwenye ukurasa ni mtu mwaminifu. Mwizi pia anaweza kuweka kufuli. Soma anwani herufi kwa herufi.

(c) Usipokee programu kutoka telefone ya rafiki. Ichukue kwenye duka la programu la telefone yako.

(d) Kwenye ordinatere ya watu wote, kivinjari kikikuuliza kama kitunze neno lako la siri, jibu hapana. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako.

Basi tunashauri nini? Mwenye mega kidogo aweke vyote viwili: kipya cha kusoma, cha zamani cha fomu na matokeo. Na ukijaza fomu, usiondoke mbele haujaona jibu. Anayetaka kupima pamoja nasi, atukute kiwanjani saa ya mapumziko, aje na telefone yenye moto.