Jiko la kopo: kwa nini watengenezaji wake hukutana porini

Nchini Marekani kuna njia ya miguu iitwayo Appalachian Trail. Inaanzia jimbo la Georgia, upande wa kusini, na kuishia jimbo la Maine kaskazini, mwendo wa kilomita 3,500 hivi. Anayeamua kuitembea yote hutumia miezi kadhaa, na kila anachohitaji hukibeba mgongoni: hema, blanketi, chakula, sufuria na jiko. Mtu wa namna hiyo hupima mzigo wake kwa gramu. Ndiyo maana baadhi ya wapenda safari hizo waliachana na majiko ya dukani, wakaanza kujitengenezea ya kwao kwa makopo matupu ya soda na bia. Wengine sasa hawasafiri hata mbali. Hukutana msituni mwisho wa juma, kila mmoja na kazi ya mikono yake, wakawasha, wakapima, wakapeana.

Katika maandishi haya tutaeleza jinsi majiko na taa hizo zinavyofanya kazi, kisha tutajibu swali moja: ikiwa michoro yake inapatikana bure, kwa nini watu hao bado wanahitaji kukutana? (Tunasema "maandishi" makusudi. Kwetu Kongo, ukitaja makala na jiko katika sentensi moja, wengi wataanza kutafuta gunia.)

1. Kopo linavyogeuka jiko

Jiko la kawaida la aina hii hutumia sehemu za chini za makopo mawili ya alumini. Zinakatwa kwa wembe, moja inaingizwa ndani ya nyingine, na matundu madogo yanatobolewa kwa pini kuzunguka ukingo. Jiko lote halifiki gramu 30. Ndani yake inamiminwa spiriti, yaani pombe ya kuchomea.

Mwanzoni moto unawaka katikati tu, tena kivivu. Baada ya muda mfupi bati linapata joto, na pombe inaanza kuchemka, kwa kuwa ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 tu. Mvuke unatafuta pa kutokea, unapita kwenye matundu, unawaka. Sasa kuna duara la ndimi ndogo za moto. Ndimi zinapasha bati, bati linapasha pombe, pombe inatoa mvuke mwingine. Mililita 25 hivi hutosha kuchemsha nusu lita ya maji, mradi upepo umezuiwa.

Aina ya pili hutumia vijiti. Kopo dogo linawekwa ndani ya kopo kubwa, na nafasi inaachwa kati ya kuta zao. Hewa inaingia kwa chini, inapanda katika nafasi hiyo huku ikipata joto, kisha inatokea kwenye matundu yaliyo juu ya kopo la ndani. Kinachowaka pale juu ni moshi wenyewe, kwani moshi ni sehemu ya kuni ambayo haijaungua. Vijiti huwashwa kutoka juu, si kutoka chini kama tulivyozoea kwenye mafiga.

Kanuni hiyo ya kuwasha kutoka juu ina wazazi wawili waliofanya kazi kila mmoja kwa upande wake katika miaka ya 1980: Tom Reed wa Marekani, na Paal Wendelbo wa Norwe, ambaye aliishughulikia nchini Uganda. Wendelbo aliliita jiko lake Peko Pe, maneno ya Kiacholi yenye maana ya "hakuna tatizo". Basi anayewasha kopo lake katika msitu wa Marekani anatumia maarifa yaliyopimwa pia kwa jirani zetu.

Taa nayo ni rahisi. Kopo linalazwa ubavu, mdomo ukitazama mbele. Ubavu wa chini unakatwa alama ya msalaba, na mshumaa unasukumwa ndani kupitia hapo. Kuta zinakinga upepo, na bati linalong'aa linarudisha mwanga mbele. Waya uliofungwa juu ndio mkono wake. Mshumaa ukipungua, unausukuma tena.

2. Kile ambacho mchoro hausemi

Mchoro unaonyesha idadi ya matundu. Hausemi pini isukumwe kwa nguvu gani ili matundu yote yalingane. Sufuria ikiwa karibu mno, moto unakosa hewa na kufa. Ikiwa mbali, joto linapotea. Matundu yakiwa makubwa, mvuke unatoka bila nguvu. Mambo haya mtu huyajua akiwa amechuchumaa kando ya jiko la mwenzake, akitazama rangi ya moto na kuuliza.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Moto wa pombe karibu hauonekani mchana kwenye jua. Mgeni huona jiko limenyamaza, hudhani limezimika, huchukua chupa na kuongeza pombe. Moto uliokuwa umejificha hupanda hadi kwenye chupa iliyo mkononi mwake. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usiongeze pombe katika jiko mpaka limezimika kabisa na kupoa. Kanuni ya pili ni kutopika ndani ya hema lililofungwa, kwa sababu hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu. Kanuni hizi zimeandikwa pia, lakini wengi huzishika vizuri siku ile mzoefu anapowashika mkono na kuuliza, "Umehakikisha limezimika?"

Mikutano mingine imevuka mpaka wa burudani. Huko Cottage Grove, jimbo la Oregon, kituo cha utafiti cha Aprovecho huandaa kambi ya majiko wakati wa kiangazi. Washiriki hujenga majiko ya kuni kwa mikono, huyawasha, hupima muda, kuni na moshi, kisha huyarekebisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na chanzo chake kikubwa ni mioto ya kupikia. Kwa hiyo tundu lililotobolewa vizuri si mchezo tu.

3. Majina nayo hupitishwa

Kwa sisi wanafunzi wa lugha, mikutano hii ina funzo jingine. Kila kifaa hupewa jina na mikono iliyokitengeneza. Jiko moja mashuhuri limepata jina la paka kwa kuwa lilianza kama kopo la chakula cha paka. Jingine linaitwa Penny, kwa sababu sarafu ya senti moja hufunika tundu lake la katikati. Taa ya mshumaa tuliyoieleza huitwa palouser, jina linalohusiana na eneo la Palouse, kaskazini-magharibi mwa Marekani.

Kiswahili kilifanya vivyo hivyo. Kandili na fanusi tulipata kwa Waarabu, kopo kwa Wareno, huku jiko na mafiga ni mali ya Kibantu tangu kale. Lakini neno la fundi kwa nafasi iliyo kati ya kuta mbili za jiko ni lipi? Na je, tundu linaloingiza hewa lina jina moja na lile linalotoa moto? Tunapotafsiri maelezo ya jiko tukiwa mezani, tunabuni maneno. Fundi anayefua mbabula sokoni huenda anayo tayari, na pengine pamoja nayo ana onyo ambalo mnunuzi angepaswa kulisikia. Njia ya kuyapata ni ile ile ya watu wa makopo: kwenda anapofanyia kazi, kuchuchumaa, kutazama, na kuuliza wakati mikono yake bado inafanya kazi.