Je, Yafaa Watoto Wetu Kusomea Nyumbani?

Siku hizi kuna mazungumzo yasiyokwisha katika mabaraza ya upande wetu wa bara wa Mombasa, toka Likoni hadi Kisauni, na hata kule Changamwe. Wazazi waulizana kama si bora mtoto, hasa wa kike, atolewe shule asomeshwe nyumbani. Wako wasemao kuwa shule zimeharibika na adabu imekwisha. Wako waliochoka na michango isiyo na mwisho. Na wako wakumbukao jinsi shule zote za Kenya zilivyofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zisifunguliwe kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2021, nao husema: "Mbona walikaa nyumbani na wala hawakufa?"

Nimeyasikiliza maneno haya kwa muda mrefu, na leo napenda kutoa rai yangu. Simlaumu mzazi anayemwonea uchungu mwanawe. Lakini naona yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi twayachanganya: kumsomesha mtoto nyumbani, na kumweka mtoto nyumbani.

Kwanza tukubali kwamba kwetu pwani nyumba imekuwa shule tangu zamani. Chuo kilikuwa ukumbini au barazani kwa mwalimu. Mtoto alishika ubao wake, akaanza na alifu na be, akapanda juzuu baada ya juzuu mpaka akahitimu, na siku hiyo jamaa wakala na kunywa kwa furaha. Wasichana nao walikuwa na bibi zao waliowasomesha Kurani, na pamoja na Kurani wakafunzwa kushona, kupika na kuishi na watu. Wazee wetu hawakuwa wajinga hata kidogo. Wengi wao waliandika barua, mikataba na tenzi kwa Kiswahili cha harufi za Kiarabu kabla Mzungu hajafungua shule hata moja hapa.

Shule hizo za Kizungu zilipokuja, ziliogopwa, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Anayepita Kisauni njia ya Kengeleni huiona mpaka leo ile kengele ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisheni wa Kiingereza mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Hapo kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja. Mwislamu wa zama hizo aliona kuwa kumpeleka mwanawe katika shule ya namna hiyo ni kumtoa katika dini, basi akafunga mlango. Serikali ya kikoloni ilipofungua shule ya Waarabu mjini Mombasa mwaka 1912, wako wazee waliokuwa bado na shaka.

Aliyetuamsha ni mwanachuoni wetu wenyewe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa gazeti la Sahifa na baadaye Al-Islah katika miaka ya 1930. Humo aliwaambia Waislamu wa pwani waziwazi kwamba kubaki nyuma katika elimu si uchaji Mungu. Alitaka watoto wasome dini na wasome elimu ya dunia, na wasichana hakuwaacha nje. Yeye alikuwa mlinzi wa dini kuliko wengi wetu, lakini hakuona kuwa dini italindwa kwa ujinga.

Leo sababu za kufunga mlango ni nyingine. Huku Likoni tuna habari ya feri. Nani amesahau MV Mtongwe iliyozama Aprili 1994, wakafa watu zaidi ya 200? Mzazi ambaye shule nzuri aliyoitaka iko kisiwani humwonea mwanawe hofu kila asubuhi, na hofu hiyo ni ya haki. Kuna na habari ya hijabu. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu wasichana wa shule moja ya Isiolo kuvaa hijabu, lakini Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Tangu hapo wako wazazi ambao, mwalimu mkuu akimkatalia binti hijabu, huona neno lililobaki ni moja tu: "Basi na akae."

Na hapa nieleze nililoliona kwa macho yangu. Jirani yetu mmoja huku Likoni aliniomba nimsaidie mjukuu wake hesabu jioni. Binti ana miaka kumi na mitatu, ametolewa shule akiwa Gredi ya 7, na babake aliye kazini Arabuni amesema asomee nyumbani kwa simu. Nilikwenda jioni tatu. Kurani aisoma kwa sauti ya kumliza mtu, na akili anayo. Lakini simu yenyewe ni ya mamake, na mama huondoka nayo akienda kuuza nguo. Asubuhi binti hufagia, hufua, huwalea wadogo zake wawili, hupika cha mchana. Daftari lake la hesabu liliishia ukurasa ule ule alioufikia siku ya mwisho ya shule. Jioni ya tatu aliniuliza, "Mwalimu, sasa mimi mtihani nitafanya na nani?"

Bibi yake alikuwa ameketi mkekani akichambua mchicha. Akasema: "Mimi, mwanangu, nilitawishwa nikiwa na umri wa huyu. Kurani nilihitimu, alhamdulillahi. Lakini mume wangu alipokuwa Dubai, barua zake zikija zimeandikwa kwa harufi za Kizungu, maana alikuwa akiandikiwa na rafiki yake. Ikawa sina budi kumpelekea kijana wa jirani anisomee. Kila neno la mume wangu kwangu limepita kwanza masikioni mwa mtu mwingine. Sitaki huyu yamfike yangu."

Maneno ya bibi huyu yamenifanya nitafakari: ni lini kusomea nyumbani hakumfai mtoto?

Hakumfai ikiwa hakuna anayesomesha. Nyumba isiyokuwa na mwalimu, wakati maalumu na vitabu si shule, hata tukiiita hivyo. Mtoto wa kike ndiye hupatikana zaidi na jambo hili, kwani kazi za nyumbani haziishi, na aliye karibu ndiye atumwaye.

Hakumfai ikiwa sababu ni ya wakubwa na si yake. Tukimtoa shule kwa kuwa ni mgonjwa, au ana ulemavu na shule ya karibu haina njia ya kumpokea, hapo twamtazama yeye. Tukimtoa kwa kuwa twaogopa maneno ya watu au twataka msaidizi jikoni, hapo twajitazama sisi.

Hakumfai ikiwa hatamwona mtu mwingine ila watu wa nyumba ile. Jambo hili ni zito na hatupendi kulisema. Mwalimu wa shule ni jicho la pili. Ndiye agunduaye kuwa mtoto haoni ubaoni au hasikii vizuri. Na yako mabaya ambayo humfika mtoto humo humo nyumbani, kwa mkono wa mtu wa karibu, na wa kwanza kuona kuwa amebadilika huwa ni mwalimu au mwenzake wa darasani. Mtoto asiyeonekana na mtu hana wa kumshitakia.

Tena hakumfai ikiwa mlango wa mbele unafungika. Zamani mtu aliweza kujisomea akaenda kufanya mtihani wa mwisho. Utaratibu wa sasa ni mwingine. Katika mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, alama 60 katika kila 100 hutokana na mtihani wenyewe, 20 hutokana na ule wa Gredi ya 6, na 20 zilizobaki hutokana na kazi anazopimwa mtoto shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Binti anayekaa nyumbani miaka hiyo miwili anazipata wapi? Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na imesema kuwa maslahi ya mtoto ndiyo ya kutangulizwa. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamtaka mzazi ampeleke mwanawe shule, na asiyefanya hivyo ana kosa.

Atauliza mtu: je, tuwaache watoto wetu wapotee na dini yao? Hasha. Watu wa Mombasa hii hii walikwisha kuonyesha kuwa si lazima kuchagua moja. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani waliomba msaada kwa Aga Khan, ukaanzishwa mpango wa shule ndogo za madrasa, ambamo mtoto husoma Kurani na adabu pamoja na kuhesabu, kuandika na kucheza. Miongoni mwa walioujenga ni mwalimu wetu Bi Swafiya Said. Mpango huo uliotoka hapa ukafika Zanzibar na Uganda. Leo shule zinazochanganya dini na masomo ya serikali zipo Likoni, Kisauni na Changamwe.

Ushauri wangu basi ni huu. Anayeogopa feri na atafute shule upande wake wa maji, hata kama jina lake si kubwa. Aliyekataliwa hijabu asiende peke yake kwa mwalimu mkuu. Waende wazazi kumi pamoja na imamu wa mtaa, wazungumze kwa adabu, na wakishindwa wamhamishe binti shule badala ya kumkatiza masomo. Asiyeweza michango aseme mapema, kwani misikiti yetu ina watu wa kheri na zaka ina mafungu yake. Na anayeona bado kuwa nyumbani ndiko bora, na amwite mwalimu wa nje amtahini mwanawe kila mwezi, mbele yake. Akiona daftari halijasonga mbele, ajue kuwa mwanawe hasomeshwi bali amewekwa tu, na amrudishe shule kabla muhula haujakwisha.