Chura Nyumbani: Tumbo Lake na Tumbo la Mtoto Wako

Watoto wetu wapenda sana kucheza na vyura. Mvua za masika zikianza, mtoto humkamata chura penye dimbwi, akamtia katika kopo, akamtafutia panzi na kumbikumbi, kisha akasema, "Huyu ni wangu." Wazazi wengine hukasirika, wakamtupa chura na kumchapa mtoto. Wengine hucheka tu, wakaenda zao. Afadhali tusifanye hivi wala vile, bali tujue kwanza jinsi chura anavyokula, anavyokunywa, na uchafu wake unavyotoka. Maana hatari kubwa kwa mtoto imo katika uchafu huo.

Chura hatafuni. Akimwona mdudu anayetembea, humrushia ulimi unaonata, akammeza mzima. Mtazame vizuri wakati huo: macho yake hudidimia ndani ya kichwa, na kule kudidimia husaidia kusukuma chakula kooni. Vyura wengine wakimeza kitu kibaya, waweza hata kulitoa tumbo nje kwa kinywa, wakalipangusa kwa mkono, kisha wakalirudisha ndani.

Maji naye hayanywi kwa kinywa kama kuku. Hukaa penye unyevu, na ngozi ya tumbo lake huyafyonza. Maji hayo huwekwa katika kibofu, yawe akiba ya siku za ukavu. Ndiyo sababu ukimshika kwa ghafula hukumwagia maji mkononi. Watu husema maji hayo huleta chunjua. Si kweli. Chunjua huletwa na virusi ambavyo mtu huambukizwa na mtu mwenzake, wala havitoki kwa chura.

Mkojo na kinyesi cha chura hutokea tundu moja. Kinyesi cha yule chura mkubwa wa bustani chaweza kukushangaza kwa ukubwa wake. Ukikivunja kwa kijiti utaona mabaki ya mbawa za mende na vichwa vya sisimizi, kwa kuwa maganda magumu ya wadudu hayayeyuki yote tumboni. Hapo ndipo utakapojua ni kazi gani aliyokufanyia usiku kucha katika mboga zako.

Lakini chura aliyefungwa koponi hupata taabu. Akiwekewa changarawe, humeza kokoto pamoja na mdudu. Choo chake huziba, tumbo likavimba, akafa. Maji yasipobadilishwa huchafuka kwa mkojo na kinyesi chake mwenyewe, naye huufyonza tena uchafu ule kwa ngozi.

Sasa tuje kwa mtoto. Matumboni mwa vyura wengi huishi vijidudu viitwavyo salmonela. Chura mwenyewe aonekana mzima kabisa, lakini vijidudu hutoka pamoja na kinyesi chake, vikaingia katika maji na kushika ngozi yake. Mtoto akimshika, kisha akatia vidole kinywani, amekwisha vimeza.

Habari iliyotokea Marekani yatufundisha. Huko watu wengi hufuga nyumbani, katika vyombo vya kioo vyenye maji, vyura wadogo sana ambao asili yao ni Afrika, hasa misitu ya Kongo. Mwaka 2009, katika jimbo la Utah, watoto watano waliugua kwa vijidudu vya salmonela vya namna moja. Waganga wakachunguza, wakafika kwa vyura hao. Tangu mwaka 2008 mpaka 2011 walihesabiwa wagonjwa 376 katika majimbo 44, na wengi wao walikuwa watoto wadogo. Hakuna aliyekufa, lakini wengi walilazwa hospitali. Vijidudu vilikutwa hata katika maji ya vyombo vile. Basi maji hayo yakimwagwa mahali pa kuoshea sahani, mtoto aweza kuugua hata kama hakumgusa chura.

Kwetu vijijini vyombo vya kioo ni nadra, lakini mitungi na visima tunavyo. Chura hupenda kukaa chini ya mtungi kwa sababu pana baridi na unyevu, tena huingia kisimani. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni kweli, kelele hazidhuru. Anachoacha majini ndicho kinachodhuru.

Kwa hiyo, mama na baba, shikeni haya. Funikeni mtungi na kisima. Chemsheni maji ya kunywa. Tekeni kwa kata yenye mpini, ili vidole visiguse maji. Mtoto aliyemshika chura sharti anawe kwa sabuni na maji ya kumiminiwa, kabla hajagusa chakula wala mdogo wake. Walio chini ya miaka mitano wasimshike kabisa. Kopo la chura lisiwekwe jikoni, na maji yake yamwagwe mbali na kisima na vyombo.

Ikiwa mtoto anaharisha, ana homa na tumbo lamsokota, mpeni mara moja maji ya chumvi na sukari yanayotolewa zahanati, kidogo kidogo na mara nyingi. Anyaye maziwa ya mama asiachishwe. Macho yakibonyea, au choo kikiwa na damu, au mgonjwa akiwa mtoto mchanga, msingoje kesho. Mpelekeni kwa mganga siku ile ile, kwa maana mtoto mdogo hukaukiwa maji upesi, na kukaukiwa huko huua.

Wala msimwue chura. Mwenyezi Mungu amempa kazi yake shambani, naye aifanya bila mshahara. Mwambieni mtoto kwa upole amrudishe jioni pale alipomtoa, kisha anawe mikono vizuri. Na nyinyi wenyewe, kabla ya chakula cha leo usiku, nendeni mkautazame mtungi: je, una kifuniko?