Kizazi Kilichofungwa kwa Fomu

Ukatajiwa ukatili dhidi ya mwanamke mwenye ulemavu anayeishi kituoni, mawazo hukimbilia usiku: mlango usio na komeo, mhudumu wa zamu. Upo, na polisi wana jina lake. Lakini upo pia unaotendwa mchana, faili likiwa kamili.

Mwaka 1955 Leilani Muir, akikaribia miaka 11, alipelekwa katika kituo cha serikali cha Red Deer, jimbo la Alberta, Kanada. Fomu ya kumpokea ilikuwa na kipengele cha mzazi kuridhia mtoto afungwe kizazi, bodi ya serikali ikiona inafaa. Kipimo cha akili kikampa alama 64. Bodi ikaona inafaa. Januari 1959, akiwa na miaka 14, alipasuliwa. Aliambiwa anatolewa kidole tumbo. Ukweli aliujua akiwa ameshaolewa, anahangaika kutafuta mtoto.

Mtendaji ni nani hapa? Mzazi alisaini, mpimaji akapima, bodi ikaamua, daktari akashika kisu, na kila mmoja ana karatasi ya mwenzake ya kujikingia. Sheria ya Alberta iliyoruhusu upasuaji huo, ya mwaka 1928, awali ilidai ridhaa. Marekebisho ya 1937 yakaiondoa kwa walioitwa wapungufu wa akili. Hadi inafutwa mwaka 1972, watu zaidi ya 2,800 walikuwa wamefungwa kizazi.

Wanaotetea upasuaji huu husema wanamkinga msichana. Wanamkinga na mimba, si na mbakaji. Kwa asiyeweza kuongea, mimba huenda ikawa shahidi pekee, na shahidi huyo ndiye anayeondolewa mapema.

Muir alishtaki, na mwaka 1996 Jaji Joanne Veit akaamuru alipwe zaidi ya dola 740,000 za Kanada. Miaka miwili baadaye serikali ya jimbo ilileta mswada wa kubana fidia za wengine, ikauondoa upesi wananchi walipokuja juu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unalinda uwezo wao wa kuzaa katika Ibara ya 23. Ibara ya 16 inataka huduma zao zikaguliwe na vyombo huru. Wakaguzi wanaweza kuanzia jikoni na mabwenini. Ningewaanzishia kwenye kabati la mafaili: nani alisaini, na je, mwenyewe aliulizwa, mhudumu wake akiwa nje ya chumba?